Jibu Chini, Si Juu

Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2004

Chama chetu kimeoza. Nasema kwa huzuni, na ushahidi ninao.

Jana Wim Dykstra, mwenyekiti wetu wa Chama cha Reli Ndogo hapa Launceston, alituma barua pepe kwa wanachama wote. Maswali matatu tu. La kwanza: Jumapili ya tarehe 17, Siku ya Ufunguzi, nani amwendeshe Edna, injini yetu mpya ya mvuke, ndogo ya kubebea watoto, katika safari ya kwanza ya kuzunguka bustani? Mimi au Noeleen Tasker? La pili: Edna apakwe rangi nyekundu au kijani? La tatu: tuuze soseji kama kila mwaka, au safari hii tuuze pai za kombe wa baharini?

Maswali ya mtoto wa darasa la pili. Majibu sasa!

Noeleen: "Sawa kabisa!" Kaandika juu kabisa ya ukurasa, na chini yake kaiburuta barua nzima ya Wim bila kukata hata nukta. Sawa kabisa nini? Lindsay Quill, mkaanga soseji wetu: "Hapana, mara ya mwisho watu waliharisha." Waliharishwa na nini, na rangi? Jirani yangu Clarrie Hobday naye: "Na mimi." Na wewe nini, Clarrie? Uliharisha?

Wote wamejibu juu. Chini yao mikia mirefu ya barua za zamani, vishale juu ya vishale, mpaka mtu anasahau alichokuwa anatafuta. Unasoma jibu kabla hujaliona swali. Ni kama mgeni anayeaga kabla ya kubisha hodi.

Mimi nilikuwa karani wa baraza la mji mpaka nilipostaafu. Barua nazijua. Unanukuu ule mstari unaohusika. Unakata uliobaki. Unajibu chini yake. Basi!

Niandike na hili, maana shajara haina mdomo: nakitaka kile kiti. Nakitaka sana. Msimu wote wa baridi, ambao huku kusini mwa dunia ndio kwanza umeisha, nimekuwa kwenye banda la chama nikimsugua Edna, shaba yake yote, filimbi yake yote, mpaka vidole vikapasuka. Baba yangu alikuwa dereva wa treni za madini kule pwani ya magharibi, na hakunipandisha mbele hata siku moja. Sababu alikuwa nayo. Sitaiandika leo.

Coralie, mke wangu, kaniambia nitoke kwenye intaneti, laini ni moja, anataka simu ampigie dada yake. Nikamwambia chama kinazama. Kasema basi kizame polepole, dada yake anasubiri.

Jumanne, tarehe 5 Oktoba

Nimechukua hatua! Nimeandika mwongozo: "Adabu za Kunukuu na Kujibu kwa Ufasaha." Kurasa kumi na moja. Zilikuwa kumi na tisa, nikajikata mwenyewe kuonyesha mfano. Nimetuma kwa wote asubuhi, kabla ya chai.

Noeleen alikuwa wa kwanza kujibu. "Jamani kaka Neville, nimecheka mpaka chai imenitokea puani! Tuletee nyingine." Juu! Na chini yake kurasa zangu zote kumi na moja, nzima nzima, pamoja na ile sura ya nne inayokataza jambo hilo hilo.

Halafu Clarrie. "Na mimi." Na chini yake Noeleen. Na chini ya Noeleen, kurasa kumi na moja.

Kufika mchana kila mwanachama alikuwa amecheka juu ya mwongozo wangu na kuurudisha kwangu mzima. Kompyuta ikawa inapokea tu, inapokea tu. Dada yake Coralie akapiga simu mara kadhaa akakuta laini ina shughuli, akaamua tumekufa, akaja na gari kuhakikisha. Hakuonekana kufurahi sana aliponikuta hai.

Nilikwenda uani kumweleza Clarrie ana kwa ana juu ya uzio. Tatizo la Clarrie ni kubwa kuliko la wengine. Tangu anunue kompyuta hajapata kuanza barua mpya. Hajui kama inawezekana. Anafungua barua yoyote iliyo karibu, anabonyeza kujibu, anabadilisha majina ya wapokeaji, anaandika lake juu, anatuma. Salamu zake za Krismasi zilinifikia zikiwa zimekaa juu ya barua ya fundi wa vyoo. Nikamwambia, Clarrie, huo ni uchafu. Akaniuliza, "Kwani jirani, bahasha si bahasha?" Kisha akanipa kabichi.

Mtu huwezi kumchukia. Lakini kujaribu unaweza.

Alhamisi, tarehe 7 Oktoba

Wim amesalimu amri. Ameandika upya akiuliza swali moja moja, na leo la dereva tu. Mwongozo umefanya kazi! (Yeye anasema ni kwa sababu mkewe amemwambia hivyo. Mkewe atakuwa ameusoma.)

Noeleen amejibu. Nainakili barua yake hapa yote, kwa ajili ya historia:

"Mimi sina neno. Naweza kumwachia Neville kiti, maana amemsugua Edna msimu wote wa baridi, mradi kwanza aje Jumamosi tumjaribu kwenye zile taa za ishara. Tunabeba watoto wa watu."

Taa za ishara!

Nani mwingine amewahi kujaribiwa kwa taa katika chama hiki? Noeleen aliendesha basi la shule miaka na miaka, sasa anaona dunia nzima ni basi la shule. Reli yetu ina taa mbili tu, kila moja na nyekundu yake na kijani chake, moja pale darajani na nyingine penye kona ya bata. Nani asiyezijua? Naijua ya juu na naijua ya chini. Ila mwezi uliopita Wim alizifungia kwenye mabomba yaliyolazwa, nyekundu na kijani ubavu kwa ubavu, ikawa hakuna juu wala chini.

Nilikaa na chai mpaka ikapoa. Halafu nikakumbuka sura ya pili ya mwongozo wangu mwenyewe: nukuu kile tu unachokihitaji. Je, yale yaliyofuata baada ya neno "mradi" nilikuwa nayahitaji? Nilijichunguza kwa haki kabisa. Sikuwa nayahitaji.

Basi nikawatumia wote hivi:

> Naweza kumwachia Neville kiti, maana amemsugua Edna msimu wote wa baridi

Asante sana, Noeleen. Nakubali kwa unyenyekevu.
N. Stubbings

Tazama uzuri wa kitu hicho! Nukuu fupi. Jibu chini. Hakuna mkia. Wanachama wajifunze.

Ijumaa, tarehe 8 Oktoba

Imekubali! Hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma kuitazama barua ya Noeleen mwenyewe. Wamesoma yangu, imewatosha. Wim katangaza: dereva wa safari ya kwanza ni Neville Stubbings.

Kilichoniudhi ni pongezi. Zote kapata Noeleen. "Mama huyu ana roho safi," kaandika Lindsay. "Ndiyo wanachama tunaowataka," kaandika Wim. Clarrie: "Na mimi." Mtu unapata kiti, sifa anazoa aliyenyang'anywa. Haki iko wapi?

Noeleen mwenyewe kimya. Nilikutana naye dukani, ananunua unga wa kastadi kwa vile vipande vyake vya keki ambavyo watu wanavipigania. Akanitazama mpaka miguuni. Nikategemea kelele. Badala yake akaniuliza, "Kaka Neville, leo umevaa soksi za rangi gani?" Nikamwambia kijani, kwani haoni? Akasema, "Hee!" Akalipia unga wake akaenda zake.

Nyumbani Coralie kaniuliza kwa nini nimejichukulia soksi kambani, moja hivi na nyingine vile. Nikamwambia ndio mtindo.

Jumapili, tarehe 10 Oktoba

Mkutano bandani. Wale ndege weusi kwa weupe wameshaanza kutaga kwenye mikaratusi, wanashambulia kila kichwa kinachopita, kwa hiyo Wim aliongoza mkutano akiwa na ndoo ya aiskrimu kichwani, mikanda imefungwa kidevuni. Hakuivua hata ndani. Ni vigumu kumheshimu mwenyekiti anayenukia vanila.

Kura za mikono: rangi, nyekundu imeshinda. Soseji zinabaki, pai zimekufa. Vizuri.

Nikasimama. Coralie alikuwa amekuja kusaidia chai, akanivuta koti akaninong'oneza kwamba kiti nimeshakipata, nikae, ninyamaze. Sikunyamaza. Kupata kiti ni jambo moja, adabu ni jambo jingine. Wamejibu juu juma zima! Wamempongeza Noeleen juu! Nikapendekeza sheria: kuanzia leo hakuna mwanachama atakayejibu barua yoyote ya chama kabla ya kushuka mpaka chini kabisa, akausoma na mstari wa mwisho, ndipo anukuu kile kinachohusika na kujibu chini yake.

Lindsay akauliza kama akikuta mkia mrefu sana anaruhusiwa kupumzika katikati. Watu wakacheka. Lakini Noeleen akanyoosha mkono wa kwanza kuniunga mkono. Akasema, "Kaka Neville yuko sahihi kabisa. Hatushuki mpaka chini, ndiyo maana mambo yanatupita." Akanitabasamia. Nikamtabasamia. Nikaona mwanamke huyu si mbaya, amekubali kushindwa kwa heshima.

Imepita kwa mikono yote! Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Ndege alinishukia njiani mara mbili, wala sikumtukana.

Jumanne, tarehe 12 Oktoba

Clarrie alinisimamisha kwenye uzio. Anashangaa Noeleen alivyoachia kiti kirahisi. Aliniuliza nimempa nini. Coralie alikuwa anaanika nguo pale pale, masikio nje, kwa hiyo nikamwambia Clarrie nitamwandikia. Kwa siri, yeye peke yake.

Mtu akifanya jambo la akili kiasi hiki lazima amwambie mwingine, la sivyo linamsumbua tumboni.

Nikamweleza yote. Nilivyomkata Noeleen pale kwenye "mradi". Jinsi zile taa zingenimaliza, maana nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja, tangu kuzaliwa, na ndiyo sababu shirika la reli lilinikataa na baba hakuniruhusu hata kugusa filimbi. Sijapata kumwandikia mtu jambo hilo. Niliposhaliandika nikasikia wepesi wa ajabu, na vidole vikawa havitaki kusimama. Nikaongeza maoni machache juu ya wanachama. Wim: kichwa kikubwa, mle ndani unaweza kumwegesha Edna na mabehewa yake. Lindsay: sina hakika kama soseji zake zilipata kuwa mnyama. Noeleen: anaendesha kana kwamba anawapeleka watoto kuzikwa. Coralie: hajui kitu, anaamini nimechaguliwa kwa sifa zangu.

Mwisho nikamsifu Clarrie mwenyewe. Nikamwambia namwamini kwa sababu hana akili ya kutoa siri.

Clarrie kajibu: "Na mimi."

Jumatano, tarehe 13 Oktoba

Coralie ameipiga pasi kofia yangu ya dereva. Nilimkuta ameivaa yeye mwenyewe mbele ya kioo, akaivua haraka. Kaniambia amewaambia watu wote kazini kwa dada yake, wanakuja na kamera. Halafu akasema, bila kunitazama, kwamba laiti baba yangu angeona.

Nilikwenda bandani nikaisugua tena filimbi, ingawa ilikuwa imeshang'aa.

Alhamisi, tarehe 14 Oktoba

Maafa.

Asubuhi Clarrie alitaka kuwajulisha wanachama kwamba rangi imefika. Jambo jema. Angepiga simu. Angebandika karatasi mlangoni mwa banda. Hapana! Akafungua barua iliyokuwa karibu, akabonyeza kujibu, akaweka majina ya wanachama wote, akaandika: "Rangi nyekundu imefika. Njooni na brashi."

Barua iliyokuwa karibu ilikuwa yangu.

Nilipoiona nilipata matumaini kidogo. Chama hiki hakisomi mikia. Hakijapata kusoma mkia hata siku moja! Wataona rangi nyekundu, wataona brashi, wataandika "Sawa" juu, watakwenda zao.

Ndipo nilipokumbuka sheria yangu.

Nilimpigia Wim nimwambie asishuke chini. Simu yake ilikuwa na shughuli: yuko kwenye intaneti. Nikampigia Lindsay. Shughuli. Nikampigia Noeleen. Shughuli. Chama kizima kilikuwa kwenye intaneti kwa wakati mmoja, kinashuka.

Nikatoka uani. Clarrie alikuwa anamwagilia kabichi. Nikamwambia amenimaliza. Akauliza kwa lipi. Nikamwonyesha. Akasoma polepole, kwa kidole, mpaka mwisho. Hakukasirika. Akaniambia tu, "Jirani, hivi mimi sina akili?" Akaurudisha mpira wa maji kwenye kabichi zake. Ningependelea anipige nao.

Ijumaa, tarehe 15 Oktoba

Majibu yameingia. Kwa mara ya kwanza katika historia ya chama, yote ni sahihi.

> sina hakika kama soseji zake zilipata kuwa mnyama

Zilikuwa ng'ombe. Jumapili usije na sahani.
Lindsay

> kichwa kikubwa, mle ndani unaweza kumwegesha Edna na mabehewa yake

Nimepima. Wanaingia. Dereva asiyejua taa nyekundu haingii.
Wim

Mstari mmoja, kishale kimoja, jibu chini. Hakuna mkia! Niliumia sana, tena nikajisikia fahari, mambo mawili kwa wakati mmoja. Nimewafundisha mimi.

Nilikwenda jikoni kutafuta kifungua kinywa. Kwenye mlango wa friji nikakuta karatasi, mwandiko wa Coralie (jana kompyuta niliiacha wazi):

> Coralie hajui kitu

Anajua friji ni tupu. Anajua yuko kwa dada yake. Soksi nimekupangia, za kushoto ni nyekundu.

Nilisimama mbele ya ile friji. Niliona aibu. Si aibu ya chama, aibu yenyewe, ile inayomfanya mtu ashindwe kuinua birika. Miaka yote hii alikuwa ananipangia soksi, na mimi nilidhani anapenda tu kupanga. Leo asubuhi nilikuwa nimetwaa mbili za kushoto bila kufikiri, na kumbe zilikuwa sawa.

Baadaye nikagundua kwamba hakuweka tarehe wala sahihi. Sura ya saba inasema wazi.

Barua ya mwisho kuingia ilikuwa ya Noeleen. Niliogopa kuifungua. Nikala kabichi kwanza.

> baba hakuniruhusu hata kugusa filimbi

Filimbi haina rangi, kaka Neville. Jumapili mimi naendesha, wewe unakaa nyuma yangu unapiga. Na ujue niliiona mapema ile "mradi" yako, nikakungoja uje mwenyewe kusema. Umechukua njia ndefu.
Noeleen

Katika barua ile yote, na matusi yale yote, mstari huo ndio aliouchagua. Niliusoma tena na tena. Macho yalinitoka machozi. Ni jiko la kuni, linahitaji kusafishwa bomba.

Jumapili, tarehe 17 Oktoba

Siku ya Ufunguzi! Bustani imejaa. Coralie alikuja na dada yake, wakapanda behewa la mwisho, hakunipungia mkono lakini alipanda. Edna aling'aa sana katika rangi yake ile ya kijani.

Noeleen alikaa mbele. Mimi nyuma yake, magoti masikioni, kamba ya filimbi mkononi. Akanigeukia akanipa masharti: mlio mmoja tukiondoka, mlio mmoja darajani, basi. "Mvuke ni huo huo unaovuta treni," akasema. "Usiuchezee, babu wewe."

Nikavuta.

Sijui niandike nini. Nilikuwa na miaka sitini na saba nikavuta kamba, na sauti ile ikapita juu ya mikaratusi, juu ya vyoo, juu ya mto, na kila mtoto akageuka. Nilimwona baba. Alikuwa na makaa usoni na alikuwa hanitazami, kama kawaida yake, lakini alisikia. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

Nikavuta tena darajani, kama tulivyokubaliana. Nikavuta kwa ajili ya bata. Bata alistahili. Nikamvutia Coralie, na nikaona amecheka. Nikawavutia wale watu wa kamera, maana mmoja alisema mara ya kwanza hakuipata picha. Noeleen akapaza sauti kwamba imetosha. Nikavuta kumjibu kwamba nimemsikia.

Kwenye kile kilima kidogo nyuma ya vyoo Edna alishusha pumzi. Akashusha nyingine. Akasimama.

Mvuke wote ulikuwa umetokea kwenye filimbi.

Noeleen akashuka, akaitazama geji ya boila, akanitazama mimi. Maneno aliyoyasema hayafai kwenye shajara. Fupi lake ni kwamba yeye ndiye mjinga aliyenihurumia. Abiria wote wakashuka kusukuma. Watoto walipiga kelele za furaha wakisukuma, wakaomba warudie. Wim alisukuma kwa kichwa, ndoo na yote. Clarrie alisukuma karibu yangu, halafu tulipofika juu akaniuliza kama nataka kabichi nyingine.

Lindsay hakuniuzia soseji. Coralie alinipa nusu ya yake, akiwa anatazama upande mwingine.

Jumatatu, tarehe 18 Oktoba

Wim ametuma taarifa ya siku kwa wanachama. Nainakili:

"Neville alipiga filimbi bila kukoma mpaka injini ikaishiwa mvuke na abiria wakaisukuma, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya chama. Watoto walifurahi sana, lakini kamwe asiguse tena filimbi ile."

Leo nimekaa nikajihoji kwa ukali. Mtu mzima lazima ajifunze kutokana na yaliyompata. Nilikosea wapi? Nimepitia kila hatua, na kosa nimeliona. Mwongozo ulikuwa mfupi mno. Ningeziacha kurasa zile zote kumi na tisa, haya yote yasingetokea.

Gazeti la hapa mjini limekiomba chama maneno machache juu ya sherehe. Nikaona nimsaidie Wim, ana mambo mengi kichwani, na nafasi anayo. Nimewaandalia hivi:

> Neville alipiga filimbi ... jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya chama. Watoto walifurahi sana

Ni heshima kubwa kwangu. Mwezi ujao, wanachama watakapomchagua mwenyekiti mpya, niko tayari kuwatumikia.
N. Stubbings

Safi! Hakuna mkia. Lakini kazi kama hii inahitaji jicho la pili kabla haijakwenda gazetini, na Coralie bado ananipa majibu ya neno moja moja. Kwa hiyo nimemtumia Clarrie. Kwa siri, yeye peke yake. Chini nimemweleza nilivyoikata, na kwa nini Wim hafai, na nani atampigia nani kura.

Kanijibu: "Na mimi." Nikamwita kwenye uzio nimuulize kama ameisoma. Kasema ataisoma baadaye, kwanza ana haraka ya kuwaandikia wanachama wote, kuna mtu ameondoka na brashi yake.

Nimemwambia aandike tu, ila safari hii ajitahidi. Ajibu chini, si juu.